Böcklin, Munch au Spilliaert: bahari ipi ya upweke utundike ukutani?

Maduka ya fremu hayakosi bahari. Jahazi na machweo, minazi iliyoinamia maji, mawimbi yaliyopigwa picha kwa droni: zote zipo, na bei zake zinaeleweka. Kama hizo ndizo unazotafuta, huhitaji ushauri wa mtu. Makala haya ni ya yule anayetaka bahari ya namna nyingine, ambayo mtu amesimama mbele yake, ametupa mgongo, na hakuna chombo kinachokuja kumchukua.

Bahari hiyo ilichorwa sana Ulaya kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na wachoraji wanaoitwa wa usimboli. Jina la kundi lilitangazwa na mshairi Jean Moréas kwenye gazeti la Le Figaro la Paris, Septemba 1886, ila wengine walikuwa wameshaanza kuchora hivyo kabla yake, na wengine walikuja baadaye bila kujiandikisha popote. Kilichowakutanisha ni kwamba hawakuchora bahari ili mtazamaji aseme "hii ni pwani fulani". Waliichora kama hali ya moyo. Ndiyo maana kuchagua kati yao kuna kazi yake: unaleta nyumbani upweke wa mtu mwingine, na utashinda nao sebuleni asubuhi na jioni.

Wagombea wangu ni wanne: Arnold Böcklin wa Uswisi, Edvard Munch wa Norwei, Léon Spilliaert wa Ubelgiji, na Pierre Puvis de Chavannes wa Ufaransa. Huyu wa mwisho nitampitia haraka, na sababu nitaitoa. Mtu akiniuliza aanze na nani, siangalii rangi kwanza. Nauliza mambo mawili tu: katika picha hii mpweke ni nani, na bahari inamfanya nini?

Böcklin na kisiwa chake

Hata kama jina la Böcklin hulijui, picha yake huenda umeshaiona. Bahari nyeusi isiyo na wimbi. Kisiwa cha mawe, kuta zake zimechongwa vyumba vya kuzikia. Katikati, miti ya saipresi mirefu na myeusi, ambayo mtu wa pwani akiitazama kwa mbali atadhani ni mivinje. Mbele yake boti ndogo: mpiga kasia nyuma, jeneza lililofunikwa kitambaa, na karibu na omo mtu amesimama wima, amegubikwa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi chini.

Wengi hawajui kwamba mtu huyo na jeneza hawakuwamo mwanzoni. Mwaka 1880 Böcklin alikuwa Florence akichora kisiwa kitupu. Akaja studio mjane kijana, Marie Berna, ambaye mumewe alikuwa amekufa kwa dondakoo miaka mingi nyuma. Aliiona kazi ambayo haijakamilika, akaomba achorewe yake, picha ya kuotea ndoto. Kwa ajili yake Böcklin akaweka jeneza na yule mtu mweupe, kisha akarudi akaviweka na kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo kinachofanya kila mtazamaji anyamaze kilitokana na ombi la mteja. Mimi jambo hilo halinipunguzii kitu; linaniongezea, kwa sababu naona picha ilivyopata mwenyewe.

Hata jina hakulitoa yeye. "Kisiwa cha Wafu" ni jina la mfanyabiashara wa sanaa Fritz Gurlitt, aliyeagiza nakala ya tatu mwaka 1883 na kujua jina gani linauza. Alijua kweli. Nakala zilifika tano: ya kwanza iko Basel, ya pili (ya yule mjane) iko Metropolitan Museum New York, ya tatu iko Alte Nationalgalerie Berlin, ya nne iliteketea wakati wa Vita vya Pili na imebaki picha yake ya kamera tu, isiyo na rangi, na ya tano, ya 1886, iko Leipzig. Chapa zake zilitapakaa kwenye nyumba za Wajerumani. Ile ya tatu ilinunuliwa na Hitler mwaka 1936, kwa hiyo ukiitundika, ujue umeungana na wapenzi wa kila aina.

Sasa maswali yangu mawili. Mpweke ni nani? Kwa haraka utasema ni yule aliyevaa nyeupe, lakini tazama tena: huyo anafika. Ana mahali pa kwenda, na mlango uko wazi mbele yake. Mpweke ni wewe uliyebaki nyuma ya boti, upande huu wa maji. Na bahari? Bahari ya Böcklin inabeba. Imetulia kiasi hicho kwa sababu kazi yake ni moja, kuvusha, na haina haraka. Yeye mwenyewe alitaka picha iwe kimya kiasi kwamba mtu akibisha hodi mtazamaji ashtuke, na hapo alifaulu.

Tatizo langu na kisiwa hiki ni ukutani. Siku ya kwanza kinakushinda nguvu. Baada ya miezi kinaanza kukuambia jambo lile lile kwa sauti ile ile. Kila kitu kimepangwa kikuelekeze pamoja: miti imesimama kama walinzi, mawe yanakumbatia katikati, boti iko kwenye mstari wa mlango. Hakikuachii nafasi ya kukosea maana. Halafu kuna wageni. Macho hayana pazia, na kwetu mtu aliyegubikwa nyeupe karibu na jeneza ana maana moja tu. Nyanya yako akiingia sebuleni atauliza nani amefariki kabla hajauliza hali yako. Kwenye chumba cha kusomea, sawa. Sebuleni, mimi nisingeiweka.

Ukimpenda Böcklin hata hivyo, nina pendekezo ambalo halitajwi mara nyingi: chukua "Odysseus na Calypso", ya mwanzoni mwa miaka ya 1880, iliyopo Basel. Katika hadithi ya Wayunani wa kale Odysseus amekwama miaka saba kwenye kisiwa cha mungu mke anayempenda, na kila siku anakwenda ufukweni kulilia kwao. Böcklin amemsimamisha kushoto, juu ya jabali, amejifunga joho la buluu iliyoiva, mgongo kwetu, bila uso, bila mikono. Ukimtazama kwa muda anaanza kuwa sehemu ya mwamba. Kulia, kwenye mdomo wa pango, Calypso amekaa juu ya kitambaa chekundu na kinubi chake, anamgeukia. Hapigi tena. Rangi nyekundu moja tu kwenye picha nzima ya mawe na maji, na yule mwanaume haioni.

Hapo upweke una watu wawili na kila mmoja ana wake. Ni picha yenye hoja nyingi kuliko kisiwa, na haichoshi. Giorgio de Chirico aliuchukua mgongo ule ule na kuutia kwenye picha yake ya 1910 ya fumbo la kahini. Kasoro yake kwa matumizi ya nyumbani ni moja, na wenye wakwe wameshaielewa: Calypso hana nguo ya juu.

Munch: maji kati ya watu

Kutoka kwa Böcklin kwenda kwa Munch ni kutoka kwenye hadithi kwenda kwa jirani. Hakuna mungu, hakuna jeneza. Kuna ufukwe wa Åsgårdstrand, kijiji cha kando ya Oslofjord, ghuba ndefu ya bahari huko Norwei, ambako Munch alikuwa akienda majira ya joto na mwishoni mwa miaka ya 1890 akanunua nyumba ndogo. Mstari ule wa ufukwe, unaopinda kama nyoka na mawe yake ya duara, aliuchora tena na tena, na ukishauzoea unautambua popote.

Picha ya kuanza nayo ni "Melankoli", aliyoichora mara kadhaa kuanzia 1891. Mbele kabisa, kwenye kona, mwanaume ameshika tama. Ufukwe unaondoka kutoka begani kwake hadi mbali, na huko mwisho, wadogo kama vipande vya njiti, kuna watu kwenye gati na boti. Hao wanakwenda zao, pamoja. Aliyebaki ni Jappe Nilssen, rafiki wa Munch, aliyekuwa amempenda Oda Krohg, mke wa mchoraji Christian Krohg. Na sasa sikiliza dunia ilivyo: picha ilipooneshwa mwaka 1891, aliyeisifia gazetini kwa maneno mazito kuliko wote alikuwa Christian Krohg mwenyewe.

Ilinganishe na kisiwa cha Böcklin. Zote zina boti na zote zina anayebaki. Lakini kwa Böcklin kuondoka ni jambo kubwa la wote, limepewa miamba na miti ya kulitukuza. Kwa Munch kuondoka ni tukio la jioni moja ambalo walioko kwenye boti hawajui hata kama limetokea. Wamekwenda kutembea. Ni yeye tu aliyebaki ufukweni anayejua kuwa dunia imeisha. Upweke wa namna hiyo hauna heshima yoyote, na ndio tunaouishi sisi wengi.

Picha ninayoipendekeza zaidi, hata hivyo, ni nyingine: "Watu wawili", inayoitwa pia "Wapweke". Mwanamke wa nguo nyeupe, nywele zimeshuka mgongoni. Kando yake, nyuma kidogo, mwanaume wa nguo nyeusi. Wote wametupa mgongo, wanaangalia maji. Nafasi kati yao ni ndogo, hatua moja hivi, na hakuna anayeipiga. Picha ya kwanza ya rangi za mafuta, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliharibika mwaka 1901 kwa mlipuko melini ikiwa safarini. Munch hakuiacha. Aliirudia kwa sindano kwenye bamba la shaba, kwa ubao, na kwa rangi za mafuta tena, hadi miaka ya 1930.

Ya ubao, ya 1899, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kawaida, chapa ya rangi nyingi huhitaji ubao mmoja kwa kila rangi. Munch alichukua ubao mmoja akaukata vipande kwa msumeno mwembamba, akakipaka kila kipande wino wake, akavipanga tena kama fumbo la watoto, kisha akapiga chapa mara moja. Matokeo yake, pale msumeno ulipopita umebaki mstari mweupe mwembamba unaomzunguka mwanamke. Hilo si pambo. Yule mwanamke kweli alikatwa akatengwa na kila kitu, kisha akarudishwa mahali pake, na kovu linaonekana. Na kwa kuwa kila mara alipaka wino upya, bahari yao inabadilika rangi kutoka chapa moja hadi nyingine, huku wao wakibaki palepale.

Kwa mnunuzi kuna faida ya wazi hapa. Kazi hii ilizaliwa ikiwa chapa, na ukubwa wake ni takriban sentimita 40 kwa 55. Nakala utakayotoa leo inaweza kuwa na ukubwa uleule wa asili, na kinachopotea ni kidogo. Böcklin wa New York ana sentimita 74 kwa 122 za mafuta juu ya ubao. Ukimpunguza hadi ukubwa wa kalenda, yule mtu mweupe anabaki doa.

Spilliaert: anayetembea usiku

Huyu ndiye asiyejulikana sana, na kwa maoni yangu ndiye aliyefika mbali kuliko wote kwenye somo hili. Léon Spilliaert alizaliwa Ostend, mji wa bandari na starehe kwenye pwani ya Ubelgiji, mwaka 1881. Shule ya sanaa alisoma miezi michache tu huko Bruges. Vidonda vya tumbo vilimsumbua, usingizi haukuja, na usiku alikuwa akitoka kutembea peke yake kwenye ule ukuta mrefu wa mawe unaoutenga mji na bahari ya Kaskazini. Ostend ya kiangazi ilijaa matajiri. Ostend ya Spilliaert ni ya saa nane za usiku, msimu umekwisha, hoteli zimefungwa, taa zinawaka bila mtu.

Hakutumia rangi za mafuta kwenye kazi hizi. Ni karatasi, wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, penseli za rangi, pasteli kidogo. Kwenye "Ukuta wa bahari usiku, mwangaza wa taa" ya 1908, iliyopo Musée d'Orsay, utaona jinsi anavyofanya: weusi juu ya weusi, tabaka kwa tabaka, halafu taa chache zinadondosha mistari ya mwanga kwenye sakafu iliyolowa. Hakuna mtu. Bahari yenyewe huioni, unajua tu kwamba ule upande uliokosa taa ndio yenyewe. Hapo upweke hauna hata wa kuubeba, amebaki anayetazama.

Anapoweka mtu, anamweka kwenye ukingo. "Upepo mkali", ya 1904, ina msichana wa gauni jeusi kwenye reli za chuma, nywele na nguo vimepeperushwa upande mmoja, uso mweupe, mdomo wazi. Wengi humlinganisha na "Ukelele" wa Munch, na ni kweli wanafanana kwa mdomo. Mimi naona tofauti kubwa kuliko mfanano. Kwa Munch mandhari yote inapinda pamoja na yule anayepiga kelele, anga linashiriki. Kwa Spilliaert upeo wa bahari nyuma ya msichana umenyooka kama uliopigwa rula. Upepo unamtikisa yeye peke yake. Bahari haihusiki.

Nadhani hilo ndilo jibu lake kwa swali langu la pili. Bahari ya Böcklin inabeba watu, ya Munch inawatenganisha. Ya Spilliaert haiwafanyi kitu. Ipo, na ingekuwepo vilevile kama mji wote ungehamishwa kesho.

Msomaji wa Kiswahili, na hasa aliye Bukavu, Goma au Lubumbashi, ana jambo jingine la kujua kuhusu ufukwe huu. Baba yake Spilliaert alikuwa mtengeneza manukato, na miongoni mwa wateja wake ilikuwamo nyumba ya kifalme ya Leopold II. Ostend ilikuwa mji wa kiangazi wa mfalme huyo, na fedha alizozichuma kwenye Dola Huru ya Kongo zilimiminwa humo kwenye majengo. Baraza la nguzo linaloitwa Galeries Royales, lililojengwa kati ya 1902 na 1906 ili mfalme na wageni wake watembee kutoka jumba lake hadi uwanja wa farasi bila kuguswa na mvua, ni moja ya hayo. Spilliaert alilichora: nguzo zimepangana hadi zinapotea, na utupu mkubwa. Ukiijua historia, ule utupu haubaki fumbo la nafsi tu.

Ufukweni hapohapo kuna sanamu ya Leopold juu ya farasi, iliyowekwa 1931, na chini yake kundi la Wakongo wanaodaiwa kumshukuru kwa kuwakomboa kutoka utumwa wa Waarabu, yaani misafara ya biashara iliyotoka pwani yetu hii. Mwaka 2004 wanaharakati walikata mkono wa Mkongo mmoja kwenye sanamu hiyo, kukumbusha mikono iliyokatwa enzi Wakongo walipolazimishwa kuchuma mpira msituni. Sisemi usitundike Spilliaert kwa sababu hiyo. Hakuwa mjenzi wa baraza wala mshauri wa mfalme, na kazi zake hazimsifu mtu. Nasema tu kwamba ule usiku wake ulio mtupu ulikuwa na mwenye kuulipia.

Na Puvis?

"Mvuvi maskini" ya Puvis de Chavannes, ya 1881, iko Orsay pia. Mwanaume amesimama kwenye mtumbwi, kichwa chini, mikono ameikusanya mbele, anangoja wavu. Ufukweni mtoto mchanga amelala kwenye nyasi na msichana anachuma maua. Rangi zimefifia kama za ukuta wa kanisa kuukuu, na wakosoaji wa mwaka ule hawakuipenda. Serikali ya Ufaransa iliinunua 1887. Mchoraji Seurat aliitazama kwa makini, na wachoraji wengi vijana walijifunza kwa Puvis jinsi ya kuacha nafasi tupu.

Nampitia haraka kwa sababu nashindwa kumwamini mvuvi huyu. Anasali zaidi ya anavyovua. Mtu aliyekulia Bagamoyo, Lamu au Kigoma amewaona wavuvi wakingoja, na kungoja kwao kuna mikono: wanatengeneza, wanafunga, wanatafuna kitu, wanagombana. Mvuvi wa Puvis amepewa umaskini ili sisi tupate huzuni nzuri. Lakini utulivu wa rangi zake ni wa kweli, na mwenye chumba cheupe chenye jua jingi anaweza kuona ndiyo inayomfaa kuliko hizi nyingine zote. Tatizo ni ukubwa: ya asili ina karibu mita mbili kwa upana, na ikipunguzwa, ule uwazi unaoibeba unapotea.

Zikiwekwa pamoja kwenye ukuta mmoja

Chukua mgongo, kwa sababu wale watatu wa kwanza wote wanautumia. Odysseus wa Böcklin ametugeuzia mgongo kwa sababu anajua anachokitazama: kwao, nyuma ya upeo. Wawili wa Munch wametugeuzia mgongo kwa sababu hawawezi kutazamana. Watembezi wa Spilliaert, hasa wale wanawake wake wa ukingoni mwa maji, mara nyingi ni umbo jeusi tu, na hujui kama wanatazama au wamesimama. Ukitaka kumfuata huyo wa mgongo uone anachoona, Böcklin anakuruhusu, Munch anakuzuia katikati, na Spilliaert anakuacha ufike halafu hakuna kitu.

Au chukua saa. Kwa Böcklin hakuna saa. Mwanga wake hautoki kwenye jua lolote unalolijua. Kwa Munch ni usiku wa kiangazi wa Kaskazini, ambao giza lake halishuki vizuri na watu wanachelewa kulala na kusema mambo wasiyopaswa. Kwa Spilliaert ni usiku mwenyewe, na taa ni za manispaa.

Kwa hiyo, ukiniuliza bila kunizungusha: kwa nyumba yenye watu, ndoa, watoto, wageni, mimi naweka "Watu wawili" ya Munch, ile ya ubao. Ina ukimya bila msiba, na wanandoa wanaopita mbele yake kila siku watakuwa na la kutabasamia au la kunyamazia, kutegemea wiki. Kwa anayeishi peke yake na kulala kwa shida, Spilliaert, ila si "Upepo mkali", ambayo inachosha haraka. Chukua moja ya zile za ukuta wa bahari usiku. Kwa aliyefiwa nasita. Wengi hukimbilia kisiwa cha Böcklin, na Marie Berna alipata alichokitaka, lakini yeye aliomba picha yake miaka mingi baada ya msiba. Kwa msiba mpya ningesema ngoja. Na aliye ughaibuni, anayehesabu miezi ya kurudi, huyo wake ni Odysseus, Calypso na kitambaa chake chekundu wakiwamo. Usizunguke sana lakini. Mchagua nazi hupata koroma.

Kabla ya kulipa dukani

Hakimiliki isikutishe kwa hawa: Spilliaert ndiye aliyefariki mwisho, 1946, na miaka 70 imeshapita. Metropolitan Museum inatoa picha ya Böcklin wake bure mtandaoni kwa ubora wa kuchapishia. Ukichapa sentimita 60 kwa 100 unakuwa karibu sana na uwiano wa asili. Usimwache mwenye duka akate pembeni ili iingie kwenye fremu aliyonayo. Bahari tupu kushoto na kulia kwa kisiwa ndiyo inayokiweka mbali.

Picha nyeusi zina shida zake. Mashine nyingi za mitaani hugeuza tabaka zote za weusi kuwa lami moja, na kwa Spilliaert hapo umepoteza kila kitu. Omba kipande cha majaribio, ukikague nje kwenye mwanga wa mchana, na kama huoni mahali ukuta unapoishia na bahari inapoanza, omba wakuongezee mwangaza kidogo kwenye faili. Karatasi iwe isiyong'aa. Kioo cha kawaida juu ya picha nyeusi kinageuka kioo cha kujitazamia: utakuwa unaona dirisha lako na kichwa chako. Itundike ukuta usiotazamana na dirisha, au ulipie kioo kisichorudisha mwanga kama kinapatikana. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam ongeza tahadhari ya unyevu, kwa sababu karatasi iliyobanwa kwenye kioo bila nafasi hushika ukungu. Mwambie fundi aweke kadibodi ya ukingo ili karatasi isigusane na kioo.

Rachmaninoff alitunga muziki wake wa "Kisiwa cha Wafu" wa mwaka 1909 baada ya kuona nakala isiyo na rangi, na ya rangi alipoiona baadaye haikumgusa kama ile. Ukiona bei ya rangi inakuumiza, toa Böcklin kwa nyeusi na nyeupe. Anavumilia, pengine anapendeza zaidi. Munch wa ubao havumilii, kwa kuwa rangi ndiyo inayobadilisha hali ya wale wawili.

Ukiwa Ulaya na nafasi ya kuona za asili, Berlin ndiyo yenye faida kubwa kwa nauli moja: Alte Nationalgalerie ina kisiwa cha tatu cha Böcklin, na chini ya paa hilohilo kuna "Mtawa kando ya bahari" ya Caspar David Friedrich, ya 1808 hadi 1810, babu wa picha zote hizi ingawa yeye hakuwa wa usimboli. Friedrich alikuwa ameweka vyombo baharini akavifuta, akabakisha mtu mmoja mdogo na anga. Oslo, jengo jipya la Munchmuseet lililofunguliwa 2021 liko ukingoni mwa fjord yenyewe. Kwa Spilliaert ni Ostend, jumba la Mu.ZEE, au Brussels, lakini huko usiende kwa kubahatisha: kazi za wino na karatasi huharibiwa na mwanga, kwa hiyo hazikai ukutani mwaka mzima. Waandikie barua pepe kwanza, uulize kama jumba liko wazi na zipi zimetundikwa mwezi huo.